Wawili, Mabegi Mgongoni, na Porojo za Majuu

Kijana akitamka kwamba anataka kuzunguka Ulaya na rafiki yake, kila mmoja na begi mgongoni, washauri hujitokeza kabla hajamaliza kusema. Wapo wanaomwambia aache mambo ya watoto wa matajiri. Wapo waliowahi kufika, au wenye binamu aliyefika, wanaomhakikishia kwamba kazi ni kuvuka tu. Ukishafika, mambo ni bwerere. Makundi haya hayapatani, lakini yanakosea mahali pamoja. Yote yanatazama bei za huko, ilhali kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo sehemu kubwa ya gharama huamuliwa mezani nyumbani, miezi kadhaa kabla ya ndege. Nitayachukua madai yao kama yanavyosemwa vijiweni.

"Viza ya Schengen ikitoka, Ulaya yote ni yako." Hili ndilo linaloumiza watu zaidi. Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zilitia saini huko, ndani ya meli, mkataba wa kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Leo zimefika 29, Bulgaria na Romania zikiwa zimekamilisha kuingia 1 Januari 2025. Uingereza haimo. Ireland haimo. Cyprus ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo, na Uswisi na Norway si wanachama wa Umoja huo lakini zimo. Anayepanga kutoka Paris kwenda London kwa viza hiyo moja hata London yenyewe hataiona: maofisa wa Uingereza hukagua pasipoti palepale stesheni ya Gare du Nord, kabla abiria hajapanda treni.

Halafu kuna kuingia mara moja na kuingia mara nyingi. Serbia, Bosnia, Montenegro na Albania ziko nje ya eneo hilo. Mwenye viza ya kuingia mara moja akitoka Croatia kwenda kushangaa daraja la Mostar huko Bosnia, viza yake imekwisha, hata kama stika inaonyesha siku kumi zimebaki. Barabara ya pwani kutoka Split kwenda Dubrovnik ilikuwa ikikatiza Neum, kipande cha Bosnia kinachogusa bahari, mpaka daraja la Pelješac lilipofunguliwa mwaka 2022. Hata leo ni vizuri kuuliza basi linapita wapi kabla ya kukata tiketi. Na siku hazihesabiwi kwa kukisia. Kanuni ni siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, lakini stika ya mtalii huweza kuandikwa siku pungufu ya hizo, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 mihuri ya kwenye pasipoti imeanza kuachwa, na mahali pake kuna mfumo wa kielektroniki unaochukua picha ya uso na alama za vidole. Zamani muhuri uliofifia uliweza kumpa mtu mwanya wa kujitetea. Mashine haibembelezeki.

"Omba ubalozi unaotoa viza kirahisi, ukifika nenda utakako." Nusu yake ni kweli: ukiwa na viza halali unaweza kuzunguka nchi zote 29. Lakini sheria inataka maombi yapelekwe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia kwanza. Anayeomba kwa nchi moja kisha akatua kwingine na tiketi zisizoitaja kabisa nchi ile anaweza kuhojiwa mpakani, na viza inaweza kufutwa hapohapo. Sioni urahisi uko wapi.

"Mkiomba pamoja mtapewa pamoja." Hapana. Kila faili husomwa peke yake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu na za kukurudisha nyumbani. Ongeza taarifa za benki, barua ya mwajiri au ya chuo, na mahali pa kulala. Mmoja anaweza kupewa na mwenzake akanyimwa, kwa sababu tu mmoja ana barua ya ajira na mwingine anauza nguo vizuri kabisa lakini bila karatasi yoyote. Wala ile mbinu ya kumwekea rafiki milioni kadhaa kwenye akaunti kwa wiki moja haisaidii. Taarifa inayotakiwa ni ya miezi kadhaa, na fedha iliyotokea ghafla hujisema yenyewe. Kwa hiyo kabla hamjalipa hata shilingi, ulizaneni: mmoja akikataliwa, mwingine anakwenda au anabaki? Ni mazungumzo mazito kuliko bei ya hosteli yoyote, na urafiki mwingi huyakwepa mpaka jibu la ubalozi liwe limeshatoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Pelekeni mapema, mkiwa na nafasi za kulala zinazoweza kufutwa bila makato, na msinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya stika kubandikwa.

"Nunua Interrail, kisha panda treni yoyote, wakati wowote." Pasi hii ina historia nzuri. Ilianza mwaka 1972, Umoja wa Kimataifa wa Reli ulipotimiza miaka 50, ikauzwa kwa vijana wasiozidi miaka 21 kama jambo la mwaka huo tu. Ikapendwa, ikabaki. Lakini Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Anayetoka Dodoma au Kisumu huuziwa Eurail, iliyoanza 1959 kwa ajili ya wageni. (Mwanafunzi Mkenya anayeishi Leipzig anaruhusiwa Interrail, kinachotazamwa ni makazi, si uraia.) Na hiyo "treni yoyote" ina masharti. TGV za Ufaransa, AVE za Hispania, Frecciarossa za Italia na Eurostar zote hutoza ada ya kuhifadhi kiti juu ya pasi uliyokwisha kuilipia, na kwenye TGV na Eurostar viti vinavyotengewa wenye pasi ni vichache. Ujerumani, Austria na Uswisi ndiko mtu anaweza kupanda treni nyingi za mchana, akaonyesha pasi na kujikalia.

Hata hivyo ada si hoja yangu kubwa. Pasi inauza uhuru wa kubadili mawazo asubuhi. Kijana wa Marekani, asiyehitaji viza kwa matembezi ya miezi mitatu, anaweza kuutumia uhuru huo. Wewe ulishakabidhi ubalozini orodha ya miji, tarehe na mahali pa kulala. Mpango unao tayari, kwa kulazimishwa, basi ukufae. Treni za masafa marefu hupangiwa bei kama ndege: anayenunua wiki nyingi mapema hulipa sehemu ndogo ya kile anachokamuliwa mtu wa siku hiyohiyo. Ile karatasi iliyokusumbua kuiandaa kwa ajili ya viza ndiyo inayokuwezesha kununua mapema. Pasi naiona inafaa kwa yule tu atakayekatiza nchi nyingi za Ulaya ya kati kwa siku chache, na kusema kweli sijui kwa nini mtu atake kuona nchi kumi kupitia dirishani.

Zipo tiketi nyingine ambazo wauza pasi hawazitaji. Ujerumani ina Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na kufika euro 63 Januari 2026. Inakubaliwa kwenye treni za mikoa, tramu na mabasi ya mijini nchi nzima, ila si kwenye treni za mwendokasi za ICE. Ni ya kujiandikisha, hivyo usipoifuta kabla ya tarehe 10 wataendelea kukukata mwezi unaofuata. Wawili wanaokaa Bavaria siku chache hawaihitaji. Bayern-Ticket huchukua hadi watu watano kwa siku nzima, na kila mtu wa ziada huongeza kidogo tu, ingawa siku za kazi huanza saa tatu asubuhi. Luxembourg, kuanzia 2020, haitozi nauli kabisa kwenye treni, tramu na mabasi yake ya ndani, daraja la kwanza la treni likiwa ndilo la kulipia.

"Ndege ni euro 20, treni za nini?" Euro 20 hiyo ni ya mtu asiye na mzigo anayekwenda mahali pasipo mji. Uwanja wa Beauvais unaoitwa wa Paris uko kilomita 85 hivi kutoka Paris. Frankfurt-Hahn uko yapata kilomita 120 kutoka Frankfurt. Begi la bure la Ryanair halizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na begi la mgongoni la kusafiria wiki tatu haliingii humo hata ukilikalia. Ukikamatwa nalo mlangoni, faini yake huweza kupita bei ya tiketi. Jambo jingine halisemwi kwa sababu haliwahusu wanaosema: baadhi ya mashirika haya hutaka abiria asiye raia wa Ulaya apitie kaunta hati zake zikaguliwe kwanza, hata kama tiketi iko kwenye simu. Fika mapema.

"Ukisafiri na rafiki, kila gharama ni nusu." Hapa ndipo hesabu za watu huharibikia. Viza, bima na ndege hulipwa kwa kichwa. Kitanda cha bweni hulipwa kwa kichwa. Kodi ya jiji, katika miji mingi, ni kwa kichwa kwa kila usiku. Kwa hiyo vitu vizito havigawanyiki.

Vinavyogawanyika ni vidogo, lakini vipo kila siku. Chumba cha watu wawili katika nyumba ya wageni Kraków, Budapest au Porto kinaweza kukaribia bei ya vitanda viwili vya bweni, na wakati mwingine kushuka chini yake. Msafiri wa peke yake hana hata sababu ya kulinganisha. Mkate, jibini na mayai ya dukani hufungwa kwa kipimo kinachomshinda mmoja. Laini moja ya simu iliyonunuliwa katika nchi ya Umoja wa Ulaya hufanya kazi katika nchi zote za Umoja bila nyongeza, utaratibu ulioanza Juni 2017, na simu moja inaweza kumgawia mwenzake intaneti. Uswisi haimo katika mpango huo, na waliosahau wamelia. Faida isiyoandikwa popote ni macho ya pili: mmoja huenda chooni au kuulizia basi, mwingine amekalia mabegi. Aliye peke yake stesheni ya Napoli au Barcelona hulipia sanduku la kuhifadhia mzigo, au hubeba begi mpaka chooni.

Kisha kuna kinachoongezeka, nacho ni mwenzako mwenyewe. Watu wawili waliosoma pamoja na kula pamoja miaka yote wanaweza kugundua Venice kwamba mmoja anahesabu kila senti na mwingine anataka kupigwa picha akinywa kahawa ya Piazza San Marco, mahali ambapo ukikaa mezani hulipii kahawa tu, unalipia na muziki. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni mfuko wa pamoja: kila asubuhi kila mmoja anachangia kiasi sawa cha chakula na nauli za mjini, hicho kikiisha kimeisha, na kilichobaki mfukoni mwa mtu hakiulizwi. Kadi za benki ziwe mbili, za benki tofauti, na zisikae begi moja. Na siku moja moja kila mtu aende zake. Wanaoona haya kulisema hili mapema hulisema baadaye kwa sauti ya juu zaidi.

"Hosteli ni za wahuni." Zilianzishwa na mwalimu. Richard Schirrmann, Mjerumani, alikuwa akitembea na wanafunzi wake mwaka 1909 mvua kubwa ikawanyeshea, wakalala katika jengo la shule. Wazo likamkaa, na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya Altena. Bado inapokea wageni. Kelele za walevi zipo, hasa hosteli zinazojitangaza kwa sherehe, basi chagueni zinazojitangaza kwa jiko. Chukueni kufuli zenu wenyewe, kwa kuwa kabati mara nyingi huwa halina.

"Lala kwenye basi la usiku, umeokoa hoteli." Umeokoa kitanda, umepoteza siku. Basi linakushusha saa kumi na moja alfajiri mji umefungwa, hosteli itakupa kitanda saa nane au tisa mchana, na wewe unasinzia mbele ya makanisa. Treni za usiku kama Nightjet za Austria, zilizoanza Desemba 2016, zina vitanda vya kweli, lakini kitanda si bei ya kiti. Isitoshe, ule usemi kwamba mipakani hakuna anayeuliza kitu umepitwa na wakati: Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na nchi nyingine kadhaa hufanya hivyo. Polisi wakipanda basi usiku wa manane, kijana mweusi mwenye begi huombwa hati kabla ya jirani yake anayekoroma. Inaudhi. Pasipoti halisi, si picha iliyo kwenye simu, iwe mwilini na si kwenye buti la basi.

"Mtakufa njaa, au mtakula mkate mkavu mwezi mzima." Atakayekula mikahawani karibu na minara maarufu atafilisika, hilo nakubali. Mwenye jiko la hosteli na duka la Lidl au Aldi mtaani hana shida hiyo. Paris, kitongoji cha Château Rouge, kuna unga wa mahindi, ndizi za kupika, mihogo na samaki wakavu. Brussels, mtaa wa Matonge karibu na Porte de Namur, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, utasikia Kilingala na huenda Kiswahili cha Kongo kabla hujafika kaunta. Hispania, mchana wa siku za kazi, ulizeni *menú del día*: mlo wa kwanza, wa pili, mkate, kinywaji na kitu kitamu, kwa bei moja. Italia, kahawa ya kusimama kaunta ni rahisi kuliko ya kukaa. Kebabu za Berlin hushibisha, na kwa anayetafuta halali ndizo kimbilio la kwanza. Ulizeni tu muuzaji. Jihadharini na Jumapili ya Ujerumani, maana maduka mengi hufungwa na yaliyobaki ni ya kwenye stesheni kubwa.

Maji ni ya bure kwa anayebeba chupa. Roma ina bomba za barabarani zaidi ya 2,000 zinazotiririka mchana na usiku, na Vienna imekuwa ikinywa maji ya milimani tangu 1873. Ujerumani, chupa nyingi za plastiki na makopo hubeba amana ya senti 25 unayorudishiwa na mashine ya dukani. Mkikusanya wawili, mmepata mkate.

"Makumbusho yatawamaliza." Yanaweza. Louvre imepandisha kiingilio hadi euro 32 tangu Januari 2026 kwa wageni wanaotoka nje ya nchi za eneo la uchumi la Ulaya, yaani sisi. Lakini Prado ya Madrid haitozi saa mbili za mwisho za siku, makumbusho ya serikali ya Italia ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Basilika la Mtakatifu Petro halina kiingilio bali foleni.

"Kwa pesa hiyo si ununue kiwanja?" Hili si dai la bei, na sitajifanya nina hesabu ya kulishinda. Mwenye wadogo zake wanaongoja ada ya shule hatashawishiwa na mimi. Ninachokataa ni kumwambia aliyeweka akiba yake mwenyewe kwa miaka miwili kwamba fedha hiyo ina matumizi mamoja tu halali.

"Hata mkienda, kule hakuna chetu." Nimeliweka mwisho kwa sababu linanikera. Wanaolisema wana picha moja ya Ulaya, mnara wa Eiffel, na hawajui historia yetu wenyewe ilisambazwa wapi. Katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, yasiyo na kiingilio, amezikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyejulikana huko kama Emily Ruete na kufariki mwaka 1924. Berlin, mtaa wa Neukölln uliokuwa na jina la gavana Wissmann umeitwa Lucy-Lameck-Straße tangu 2021, kwa heshima ya mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro. Na kule Wedding, sehemu ya barabara iliyoitwa Petersallee, jina ambalo kwa miaka mingi lilimtukuza mkoloni Carl Peters, tangu Agosti 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee. Kuzitembea barabara hizo ni nauli ya treni ya mjini tu.

Katika mji huohuo, jumba la Museum für Naturkunde lina mifupa ya mjusi mkubwa yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, inayotajwa kuwa mirefu kuliko mifupa yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mamia ya vibarua wa kwetu chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, kisha ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini. Kiingilio kipo na mwanafunzi hupunguziwa, hivyo beba kitambulisho cha chuo. Jumatatu wanafunga.